Tusilidharau jina la Juma

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jina ambalo wasomaji wako wote wanalijua, yaani jina la Juma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Mwanzoni mwa muhula huu mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la nne alinifuata ofisini baada ya vipindi. Aliniamkia, kisha akaniomba nilifute jina lake la Juma katika daftari la mahudhurio, nimwandike Jayden. Nilipomwuliza sababu alijibu kwamba wenzake wanamwita "Juma wa hesabu." Nilitaka kucheka, lakini nikanyamaza, maana nilitambua kuwa mwenye kosa ni mimi.

Kila aliyepita shule ya msingi atanielewa. Katika mafumbo ya hesabu, Juma ndiye anayenunua maembe kumi na manne yakaoza. Juma ndiye anayetumwa dukani na kudondosha shilingi mia mbili njiani. Mimi nilifundishwa hivyo, nami kwa miaka yote ya kazi yangu nimeandika hivyo ubaoni bila kufikiri. Darasa likicheka, nami nilicheka pamoja nalo.

Nilipokuwa mwanafunzi kicheko hicho hakikumwumiza mtu. Darasani kwetu walikuwapo akina Juma watatu, tukawatofautisha kwa majina ya baba zao, na kila mmoja alidai kwamba anayesemwa ni mwenzake. Leo katika darasa langu Juma ni mmoja tu. Kicheko chote kinamwangukia yeye.

Ndugu Mhariri, yafaa tujiulize jina hili lilitoka wapi hata likaenea hivi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mkusanyiko, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya Waislamu kukusanyika kwa sala. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo aliitwa Juma au Jumaa, na wa kike Mwajuma. Aliyezaliwa Alhamisi aliitwa Hamisi, na wa kike Mwanahamisi. Kutokana na siku hiyo ya Ijumaa sisi Waswahili tukahesabu Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mpaka Jumatano, na neno juma likawa pia na maana ya siku saba. Huku bara wapo hata watu wanaoitwa Jumanne. Wenzetu wa Ghana nao wana desturi kama hiyo. Marehemu Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa Ijumaa ya tarehe 8 Aprili, 1938, na Kofi ni jina la mwanamume aliyezaliwa Ijumaa.

Katika karne ya 19 jina hili lilisafiri na misafara ya biashara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, likavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo, ambako leo wengi huliandika Djuma kwa kufuata Kifaransa. Baadaye watu wakawarithisha wajukuu majina ya babu zao, na aliyezaliwa Jumatatu naye akaitwa Juma. Wala halikubaki kuwa jina la Waislamu peke yao. Magharibi mwa Kenya Wakristo wengi wanalitumia, na mmoja wa wana wa Busia, marehemu Profesa Calestous Juma, alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani hadi alipofariki mwaka 2017.

Sasa kwa nini linapungua? Kwa ninavyoona hapa kwetu, sababu ni mbili. Wapo wazazi wanaochukua majina ya sinema na ya wachezaji mpira wa Ulaya. Na wapo wazazi wa Kiislamu wanaoliona Juma kuwa ni la kizamani mno, wakachagua Rayyan au Abdulrahman. Siwalaumu, maana kila mzazi ana haki ya kumwita mwanawe apendavyo. Majina huja na kupita. Ninacholaumu ni kasumba ya kulifanya jina la babu zetu kuwa la mtu mjinga, hata mtoto mwenye jina hilo alionee haya.

Mtoto yule nilimweleza mambo mawili. La kwanza, kwamba jina halibadilishwi kwa kalamu ya mwalimu. Jina la daftari likitofautiana na la cheti cha kuzaliwa, mwenye vyeti ndiye atakayehangaika siku ya kuomba kazi au mkopo wa masomo. La pili, nilimwambia kwamba mwaka 1989 Mtanzania aitwaye Juma Ikangaa alishinda mbio za marathoni za New York kwa muda wa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na kwamba jina lake ni ndugu wa maneno jamaa, jamii na jumuiya. 

Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, kesho Juma atapoteza tena hela?"

Sikuwa na la kujitetea. Kesho yake nilimwandika Juma aliyerudishiwa chenji pungufu dukani, akaigundua na kuidai. Darasa lilitafuta ni shilingi ngapi, wala hakuna aliyecheka. Tangu hapo, anayepoteza hela ubaoni kwangu ni "mwalimu." Sijui kama mtoto ameridhika, lakini hajaniomba tena nimbadilishie jina.

Kwa hiyo natoa wito kwa walimu wenzangu, na kwa wale wanaotunga vitabu na mitihani, wachunguze majina wanayoyaweka katika maswali. Tusimpe mtu mmoja hasara zote na mwingine akili zote. Na wazazi wenye wana waitwao Juma wawaeleze watoto hao waliitwa kwa ajili ya nani. Mtoto akimjua babu aliyemwachia jina, hatalikimbia upesi.



Mwalimu wa Kijijini,
Nzega, Tabora.