Haki ya Mgambo wa Kagera

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipouvuka mpaka wa Tanzania mwezi wa Oktoba 1978, yakaitwaa ardhi yetu hata ukingo wa Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, serikali iliwaita vijana wa mgambo kutoka mashambani, nao wakaitika, wakaandamana na Jeshi la Wananchi hadi Kampala, iliyotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Aliyekuwa na miaka 20 siku hizo sasa ni mzee, na maradhi ya vita amezeeka nayo.

Juzi niliketi na mmoja wao katika baraza ya hospitali moja ya wilaya. Cheti chake, kilichokatika penye mikunjo, alikihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Na sikio lake la kulia, lililoharibiwa na ngurumo za mizinga ya Saba Saba, lilimlazimu kugeuza shingo kila jina lilipoitwa. Dirishani aliulizwa kadi ya bima, hakuwa nayo. Akatoa kile cheti, karani akakigeuza huku na huku, akamrudishia kwa adabu asijue kinafaa nini. Mwisho akaandikiwa dawa akanunue nje.

Simlaumu karani. Askari aliyestaafu jeshini ana namba na pensheni, na mlango wa hospitali ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, anaujua. Bali wengi katika mgambo walirudi kwenye majembe yao, na hospitali haina habari nao.

Watasema baadhi kwamba Sera ya Wazee ya mwaka 2003 imekwisha kuagiza mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Ni kweli, wala siidharau. Lakini sadaka si deni: fakiri hutakiwa athibitishe ufakiri wake, ilhali mwenye kudai haimpasi kujidhalilisha mbele ya mdaiwa, na dola iliyoyaandika majina ya mgambo walipokwenda vitani ndiyo inayopaswa kuyatafuta leo.

Kwa hiyo naisihi serikali iyafungue madaftari ya mgambo wilaya kwa wilaya, wenzao waliosalia wawe mashahidi, na kila aliyethibitika apewe kadi ya kutibiwa macho, masikio, viungo, na hata usingizi, kwani wapo wanaogutuka usiku wakipiga kelele, na wake zao wanajua. Tena daktari wa jeshi awafuate Muleba na Karagwe, asingoje mzee apande basi mpaka Dar es Salaam.

Kila tarehe 25 Julai tunawawekea mashujaa wetu waliokufa mkuki na ngao, na ni wajibu; lakini walio hai bado wanangoja. Yule mzee wa barazani aliniaga akisema atarudi Jumatatu, maana ameambiwa huenda dawa ikawa imefika.