Vitamini D: Wajawazito Wote Wapewe Bure



Hoja yangu leo haina Bunge wala uchaguzi, lakini ni siasa vilevile. Mkunga huku Uingereza akimwambia mama wa Kiswahili ameze vitamini D, nasikia jibu lile lile: "Sisi watu wa jua, hayo maradhi ya wazungu." Jua lipi? La Tanga na Unguja tumeliacha huko huko. Hapa, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, jua halina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Ongeza koti, ongeza buibui, ongeza kazi ya usiku ya kulea wazee na kulala mchana kutwa.

Kweli kule tuko vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima damu Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wastani ukawa nanomoli 115 kwa lita. Uingereza mtu huhesabiwa amepungukiwa akiwa chini ya 25. Lakini Mhadzabe anashinda porini, sisi tunashinda kwenye basi.

Na tusidanganyane upande wa pili. Wapo ndugu wanaouza matone kwa bei mbaya, wakidai yanazuia mimba kutoka, mtoto njiti, kila kitu. Dar es Salaam, wajawazito 2,300 wanaoishi na VVU waligawanywa, wengine wakapewa yuniti 3,000 kwa siku na wengine kidonge kisicho na dawa. Majibu yalitoka mwaka 2022: watoto wanaozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba hawakupungua. Bangladesh nako, mwaka 2018, wanawake 1,300, hakuna tofauti katika ukuaji wa mimba. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halisemi kila mjamzito duniani ameze. Linasema anayehofiwa kupungukiwa.

Sasa huku, nani anayehofiwa kupungukiwa kama si sisi?

Kati ya mwaka 2000 na 2006, watoto wachanga 16 wa kusini mashariki mwa Uingereza walionekana hospitalini mioyo yao imeshindwa kazi kwa kukosa vitamini D na kalsiamu. Wote walikuwa weusi au wenye asili ya Bara Hindi. Wapo waliokufa. Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mama tumboni, na maziwa ya mama hayana vitamini D nyingi. Mama akiwa mtupu, mtoto naye mtupu. Kisha yanakuja matege, au degedege, na bibi huko nyumbani anaulizwa kwa simu kama kuna mtu ana jicho baya. (Msiache kunyonyesha kwa sababu yangu! Mtoto anayenyonya anapewa matone yake tangu kuzaliwa.)

Kinachoniuma ni kwamba dawa yake inajulikana. Mwaka 2005 sehemu moja ya Birmingham yenye wahamiaji wengi ilianza kuwapa vitamini bure wajawazito wote, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka mitano, bila kuuliza kipato. Waliochukua hawakufika hata mmoja kati ya watano, na bado watoto waliougua kwa upungufu huo walipungua kwa asilimia 59. Scotland inawapa bure wajawazito wote tangu mwaka 2017. England mpango wa taifa mpaka leo unawalenga wenye kipato kidogo wanaopokea misaada fulani ya serikali, na wajawazito walio chini ya miaka 18. Dada yetu aliyekuja juzi kwa viza ya mume, isiyomruhusu kuchukua msaada, kwa kawaida yumo nje, naye ndiye asiyetoka nyumbani.

Vyama vyetu vya jumuiya vinawaita madiwani kwenye futari na picha zinapigwa. Mwaka huu wawaulize hili.

Kwa sasa, kipimo cha mjamzito ni mikrogramu 10 kwa siku, yaani yuniti 400, na madukani ni pauni chache tu. Mafuta ya ini la samaki ayaache, yana vitamini A nyingi isiyofaa kwa mimba. Aliyewahi kupimwa akaambiwa yuko chini sana amsikilize daktari wake.

Naomba kuwasilisha.