Koo la plastiki na sisi tusiouliza

Jamani, kuna habari moja nimeichoka: "Wanasayansi waotesha kiungo maabara." Kila baada ya miezi michache inarudi, na picha ile ile ya mwaka 1997 ya panya mwenye sikio mgongoni. Kwa taarifa yenu, lile halikuwa sikio. Ilikuwa gegedu ya ng'ombe iliyokuzwa juu ya kiunzi cha plastiki inayoyeyuka, chenye umbo la sikio. Halikusikia chochote!

Kiunzi ndiyo habari yenyewe. Seli hazijengi hewani. Zinataka pa kushika, kama fundi anavyotaka jukwaa la miti. Ndiyo maana watafiti wengi wanapenda protini: kolajeni ya ng'ombe, fibrini ya damu, nyuzi za hariri. Seli huishika kolajeni, huila kidogo kidogo, huku zikifuma ya kwao. Jukwaa linaondoka, nyumba inabaki.

Na si ndoto. Ioannis Yannas na daktari John Burke, kule Boston, walitengeneza kiunzi cha ngozi kwa kolajeni ya ng'ombe na kemikali ya gegedu ya papa. Marekani iliidhinisha mwaka 1996 kitumike kwa walioungua vibaya. Ngozi inayoota hapo haitoi jasho, na juu yake mgonjwa bado hubandikwa ngozi yake nyembamba. Lakini inafanya kazi. Nani kati yenu amewahi kuisoma gazetini?

Sasa linganisheni. Juni 2011, Stockholm, daktari Paolo Macchiarini wa Karolinska alimwekea mwanafunzi wa Kieritrea aliyekuwa akisoma Iceland bomba la hewa la plastiki, lililopandwa seli za uboho wake. Dunia ikapiga makofi. Mwanafunzi akafariki Januari 2014. Wawili wengine waliowekewa pale nao wamekufa. Madaktari wanne wa humo humo walilalamika mwaka 2014. Kishindo kikaja mwaka 2016, baada ya filamu ya televisheni ya Sweden. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikamhukumu Macchiarini miaka miwili na nusu jela.

Mtasema, basi kosa ni plastiki, wangetumia protini. Walitumia! Mwaka 2008, Barcelona, Macchiarini huyo huyo alishiriki kupandikiza bomba la marehemu lililooshwa seli, likabaki kiunzi cha kolajeni. Nalo likaitwa muujiza. Jarida la Lancet limeifuta makala ile mwaka 2023. Miaka 15! Protini nzuri haizibi pengo la ushahidi.

Kwa hiyo leo nagombana na sisi waandishi. Maswali ni matatu tu: Kiunzi ni cha nini? Kilijaribiwa kwa wanyama gani kabla ya mtu? Wagonjwa wako wapi leo? Niliuliza hilo la tatu kwenye chumba cha habari, nikajibiwa eti msomaji anataka muujiza, si somo la baiolojia.

Msomaji yupi? Ninayemjua mimi ana kaka anayesafishwa damu kwa mashine kila wiki. Alisoma kwamba figo imeoteshwa, akanipigia: "Mdogo wangu, inauzwa wapi, na shilingi ngapi?"

Mwambieni ninyi. Mimi nilishindwa.