Kifungo kimekwisha, kwa nini bado yuko ndani?



Likizo iliyopita sisi mafrateri wawili wa falsafa tulitumwa kufanya utume katika kigango kimoja huko Soga, wilayani Kibaha, upande ule unaoelekea Kisarawe. Wengi wenu mnaifahamu Soga kwa sababu ya treni ya umeme. Tangu safari za Dar es Salaam na Morogoro zianze Juni 2024, jina hilo linatangazwa ndani ya mabehewa kila siku, na abiria wengi hulisikia bila hata kuinua macho kwenye simu zao. Sisi tuliifahamu kwa mihogo, kwa mikorosho, na kwa jumuiya zinazosali chini ya mwembe kwa sababu sebule hazitoshi.

Jioni moja, baada ya kushirikishana Injili, tulifika kwenye kipengele cha mengineyo. Kwa kawaida hapo huzungumzwa michango na zamu za usafi wa kanisa. Mama mmoja wa WAWATA akainua mkono. Akasema kwamba juma lile, alfajiri, vijana watatu walitokea kichakani nyuma ya nyumba yake. Kiswahili walijua neno moja tu, maji. Akawapa maji, akawapa na viazi vilivyobaki jana yake. Kabla hawajamaliza kula, vijana wa jirani wakawaona, simu ikapigwa, na jua halijapanda wale watatu walikuwa wamechukuliwa. Mdogo wao, alisema, alilingana na mwanawe wa kidato cha pili.

“Mafrateri wangu,” akauliza, “nilikosea kuwapa maji, au nilikosea kunyamaza walipochukuliwa?”

Tukamjibu kwamba alifanya vema kuwapa maji, ila sheria ni sheria, na tuwaombee. Kisha tukaanzisha wimbo. Miaka miwili tunasoma maadili na Mtakatifu Thoma wa Akwino, na mama wa kijijini alipotuuliza swali la maadili tukamjibu kama tangazo la redio. Makala hii ni jaribio letu la pili.

Vijana wa namna ile si wezi waliojificha porini. Wengi wanaokamatwa mkoani Pwani wanatoka kusini mwa Ethiopia, maeneo ya Hadiya na Kembata, na wanaelekea Afrika Kusini ambako wana ndugu wenye maduka. Familia huuza ng'ombe au kukopa ili kumlipa dalali. Dalali humkabidhi kijana kwa dalali mwingine Kenya, naye kwa mwingine Tanzania, hadi Tunduma au Kasumulu, kisha Malawi na Msumbiji. Kila mkono unaompokea unachukua chake. Akikamatwa, mara nyingi anayekamatwa ni yeye. Mwenye fedha alikuwa kwenye simu tu.

Na wanaokamatwa ndio wenye bahati. Juni 2012, katika wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa katika lori lililokuwa limewabeba. Machi 2020 miili 64 ilikutwa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Oktoba 2022 likafukuliwa kaburi la pamoja katika msitu wa wilaya ya Mzimba, Malawi. Njia ya kwenda Tete na Mzimba inapita kwetu. Huenda baadhi ya marehemu wale walikunywa maji kwenye visima vyetu.

Tuje kwenye kiini. Mtu akiingia nchini bila kibali amevunja Sheria ya Uhamiaji. Hufikishwa mahakamani, na kwa kuwa hajui lugha na hana wakili, mara nyingi hukiri kosa. Hupewa faini au kifungo. Faini hawezi, kwa hiyo huenda gerezani. Hadi hapo mtu anaweza kusema haki imetendeka, ingawa sisi tuna maswali. Lakini siku ya mwisho ya kifungo ikifika, mfungwa Mtanzania hukabidhiwa nguo zake akatoka. Huyu mgeni hatoki. Anatakiwa kurudishwa kwao, na kurudishwa kunahitaji ubalozi uthibitishe kuwa ni raia wake, utoe hati ya safari, kisha apatikane wa kulipa nauli. Nauli haipo. Basi anabaki palepale, anakula ugali uleule, analala kwenye mkeka uleule, na hakimu aliyempa miezi yake hana habari kwamba imeongezeka. Kwa miaka mingi Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limekuwa likitafuta fedha kwa wafadhili ili kuwarudisha Waethiopia kutoka magereza ya Tanzania, kundi baada ya kundi. Maana yake ni kwamba kuachiwa kwa mtu kunategemea mfadhili amepatikana au la.

Hii ndiyo hoja yetu. Adhabu iliyokwisha haipaswi kuendelea kwa sababu ya nauli. Anayezuiliwa baada ya kumaliza kifungo chake anaadhibiwa kwa umaskini, na umaskini haupaswi kuwa kosa katika kitabu chochote cha sheria.

Ukubwa wa jambo hili tuliuona siku moja tu, kisha tukasahau. Januari 25, 2021, Rais John Magufuli alipompokea Chato Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, alitangaza kuwasamehe Waethiopia 1,789 waliokuwa wamefungwa hapa nchini kwa kuingia bila kibali. Lilikuwa tendo jema, na wakati ule tulilipigia makofi. Leo tunaitazama upya ile namba. Watu 1,789 ni zaidi ya waamini wa vigango vingi tunavyovijua. Wakati ule magereza yetu yote yalikuwa na nafasi zisizofika 30,000, na kwa miaka mingi yalikuwa yamebeba zaidi ya uwezo huo. Katika parokia tulizokulia sisi hatukumbuki mahubiri hata moja yaliyouliza watu hao walifikaje idadi ile bila sisi kujua. Walikuwa humohumo tunamopeleka sabuni wakati wa Kwaresima.

Tunasema hivi bila kuwabeza wanaokwenda magerezani. Kuna mapadre, masista na walei wanaokwenda Keko, Segerea, Ukonga na hapa Kibaha kwenye Gereza la Mkuza, wakaadhimisha Misa na kufundisha katekisimu, na askari magereza wengi huwapokea kwa heshima. Tatizo letu ni kwamba tumejifunza kumtembelea mfungwa bila kumuuliza kitu. Tunampa mswaki, tunapiga picha langoni, tunarudi na kwaya kwenye basi. Katika ile hukumu ya mwisho anayoisimulia Mwinjili Mathayo, mgeni na mfungwa wametajwa kama watu wawili. Hapa kwetu mara nyingi ni mtu mmoja.

Kusini mwa China kulikuwa na padre aliyeuliza. John Wotherspoon, Mwoblate kutoka Australia, amewahudumia wafungwa Hong Kong kwa miaka mingi. Mwaka 2013 alianza kusambaza barua za wafungwa wa Kitanzania waliokamatwa na dawa za kulevya, barua zilizoandikwa kwa mikono yao, zikiwaonya vijana wa nyumbani wasidanganywe na matajiri waliowatuma. Hakuishia kuwapa sakramenti. Alitafuta ndugu zao, akaja hadi Afrika, akawasema hadharani walioko juu ya mtandao. Hakutetea kosa lao, aliwatetea wao. Watoto wetu walipokuwa wageni na wafungwa katika nchi ya watu, kuna padre wa nchi nyingine kabisa aliyewajua kwa majina. Sisi tunamjua kwa jina Mwethiopia gani?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kutoka Soga hadi Bagamoyo si safari ya kutwa. Mwaka 1868 wamisionari wa Roho Mtakatifu walijenga pale misheni yao, wakawakomboa watumwa na kuwapa mahali pa kuishi. Tukienda hija Bagamoyo tunaonyeshwa minyororo ile, tunatikisa vichwa. Watumwa wale walisafirishwa na watu waliopata faida kila kituo, wakafika pwani bila mtu anayejua lugha yao. Tusifananishe kila kitu: kijana wa Hadiya aliondoka kwao kwa hiari, mtumwa alichukuliwa kwa nguvu. Ila wamisionari wale wangeishia kuwapelekea watumwa uji na kuwaombea, leo tusingekuwa na cha kuhiji.

Tunajua mtakayotuuliza, maana wenzetu bwenini walituuliza kabla yenu. Je, nchi isiwe na mipaka? Iwe nayo. Katekisimu, namba 2241, inatambua kuwa wenye mamlaka wanaweza kuweka masharti kwa wanaoingia, na kwamba mgeni naye ana wajibu wa kuheshimu sheria za nchi iliyompokea. Namba hiyohiyo inaanza na wajibu wa kumpokea. Wala hatusemi Tanzania ni nchi ya roho mbaya. Nchi hii imehifadhi wakimbizi tangu kabla wazazi wetu hawajaoana, na iliwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbilia hapa mwaka 1972. Nchi iliyoweza hilo haiwezi kushindwa na nauli ya basi.

Mwingine alituambia, wakiachiwa watajaribu tena. Baadhi watajaribu, ndiyo. Njaa haisomi hukumu. Lakini kumshikilia mtu baada ya kifungo ili wengine waogope ni kumfanya chombo, na hilo hata Kant, ambaye hakuwa Mkatoliki, alilikataa. (Mwalimu wetu wa maadili akisoma hapa atafurahi kwamba kuna aliyekuwa akisikiliza.) Thoma naye anafundisha kwamba mwenye uhitaji wa kufa na kupona anayechukua kinachohitajika ili aishi hahesabiwi kuwa mwizi. Hilo halifuti sheria ya mipaka, ila linatufanya tusite kumwita mtu haramu. Kosa laweza kuwa haramu, mtu hawezi. Tukianza na hilo tu, kuacha kusema “wahamiaji haramu” katika matangazo na sala zetu za waamini, tutakuwa tumeanza na kitu kisichohitaji mchango wa mtu.

Mazingira ya kusema yapo. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huohuo ikakabidhi taarifa yake. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria na kuruhusu msaada huo uwafikie watu walio gerezani. Katika hati ya kutangaza Jubilei ya 2025, Papa Fransisko aliziomba serikali zitoe msamaha kwa wafungwa, na Desemba 26, 2024 akaenda mwenyewe kufungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia, Roma. Hakuna atakayeshangaa parokia ikiuliza kwa adabu.

Na maswali yenyewe ni mepesi. Parokia yenye gereza ndani ya mipaka yake inaweza kumwomba mkuu wa gereza kujua ni wageni wangapi wamemaliza vifungo, na tangu lini. Inaweza kuandika barua ubalozini, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa muhuri wa Baba Paroko. Inaweza kumtafuta mtu anayejua Kiamhara akae na kijana nusu saa, maana kuna wanaoweza kukaa mwaka mzima bila mtu wa kuongea naye. Inaweza kuuliza umri. Sheria ya Mtoto ya 2009 haibagui mtoto wa Kibaha na mtoto wa Hosaena, lakini mtoto asiye na cheti wala lugha anaweza kuandikwa miaka 18 na kalamu ya mtu mwenye haraka. Kuhusu nauli, tutasema jambo moja na mtusamehe. Sisi Wakatoliki ni mabingwa wa michango. Tunachangia gari la padre mpya, keki yake, na sare za kamati ya keki. Si dhambi, na siku yetu ikifika tutashukuru. Lakini kamati inayoweza kukusanya mamilioni kwa miezi mitatu isituambie haiwezi kumsafirisha mtu mmoja.

Juma letu la mwisho Soga tulirudi kwa yule mama, tukamwomba radhi kwa jibu letu la kwanza. Tukamwambia kwamba maji hayakuwa kosa, na kwamba kumpa mwenye kiu kinywaji si kumficha mhalifu. Kuhusu kunyamaza, tulimwambia na sisi tulinyamaza, tena mbele ya jumuiya nzima. Alisikiliza huku anamenya mihogo, kisha akauliza yule mdogo yuko gereza gani.

Hatukujua. Mpaka tunaandika haya bado hatujajua. Jumuiya imemwomba katekista alifikishe kwa Baba Paroko ili naye aulize polisi na Uhamiaji, na imechanga shilingi 23,000 za kuanzia. Mama yule amesema akipatikana, yeye mwenyewe atakwenda, kwa sababu kijana huyo anamjua sura.