Mbwa Akikataa Chakula

Mbwa wa nyumbani akisusa ugali wake jioni, sababu hutajwa upesi: anaringa, amelishwa sumu na jirani, au amekwamwa na mfupa. Huenda mojawapo ikawa kweli. Kosa ni kwamba hukumu hutolewa kabla mnyama mwenyewe hajachunguzwa, na hukumu ile ya mfupa yaweza kugharimu uhai wa mtu.

Kutokula si ugonjwa bali ni dalili. Njaa huongozwa na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipothalamasi, ambayo hupokea habari kutoka tumboni na katika damu. Vijidudu vinapouvamia mwili, chembe za kinga hutoa kemikali ambazo hupandisha joto na kufifisha hamu ya chakula. Ndiyo maana magonjwa yasiyofanana huanza kwa namna moja. Tena, mkono si kipimo cha homa: joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi za sentigredi, na la binadamu ni 37 hivi. Mbwa asiye na homa atahisiwa kuwa wa moto.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Jua kali, chakula kigeni au safari ya bwana wake huweza kumfanya mbwa asile kwa siku moja. Jino bovu humzuia kutafuna ingawa ana njaa. Kwa upande mwingine, minyoo ya safura hunyonya damu ya watoto wa mbwa hata ufizi ukawa mweupe. Na virusi vya parvo, vilivyotambuliwa mwaka 1978, huwatapisha na kuwaharisha damu. Kupe huleta babesia, vijidudu vinavyoharibu chembe nyekundu za damu, na pia bakteria wa erlikia. Penye mbung'o, tripanosoma huweza kumdhoofisha mbwa na kuyatia macho yake ukungu. Basi kabla ya kutaja sababu, sharti yatazamwe macho, kupe, mkojo, kinyesi na matapishi.

Kinywa ndicho kisichopaswa kuharakishwa. Virusi vya kichaa cha mbwa hutoka kwenye jeraha, hufuata mishipa ya fahamu hadi ubongoni, kisha huingia katika tezi za mate. Misuli ya koo hupooza. Mbwa hawezi kumeza, udenda humtoka, taya hulegea. Katika hali hiyo ya kupooza huenda asikimbie ovyo wala asiume mtu. Huonekana kama aliyekwamwa na mfupa. Mwenye huruma hutia mkono kinywani amsaidie, na mate yanayoingia katika mchubuko yatosha kumwambukiza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba wanne hivi katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya daktari wa mifugo. Ni kweli, lakini daktari huitwa mwisho; wa kwanza kuiona sahani iliyojaa ni mtoto aliyeipeleka. Kwa hiyo somo la mishipa ya fahamu halifai kuishia kwenye mchoro ubaoni. Mwanafunzi afundishwe kwamba mbwa aliyekataa chakula asitiwe mkono kinywani wala asilishwe kwa nguvu, na asipewe dawa za maumivu za binadamu, kwani baadhi yake humdhuru. Afungiwe peke yake, na ikumbukwe kama alichanjwa, na kama aliumwa na mnyama mwingine katika miezi iliyopita.

Aliyeumwa au kuguswa na mate penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Tangu Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister mwaka 1885, imejulikana kwamba chanjo huokoa ikitangulia dalili. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Wala si busara kumwua mbwa na kumtupa upesi. Mbwa aliyeuma akibaki hai na mzima kwa siku 10, ni uthibitisho kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku ile. Hata hivyo matibabu ya mtu yasingoje siku hizo ziishe.

Chanjo ikiwafikia mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Shule inayowafundisha wanafunzi wake kuwapeleka mbwa wao siku ya chanjo itakuwa imefundisha sayansi inayookoa maisha.