Sukari Gani Hiyo?

Mwandishi mwenzangu amedai kwamba filamu za maisha ya watu halisi huipaka dhiki sukari ili mtazamaji alale fofofo. Namkatalia. Aitazame The First Grader ya mwaka 2010. Inamhusu Kimani Maruge, mkongwe wa miaka 84 aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004, baada ya Kenya kufuta karo za shule za msingi. Filamu haikuishia kwenye kaptura na soksi za sare ya shule za mzee huyo. Inatupeleka kizuizini enzi za vita vya uhuru vya Mau Mau, tukaone wakoloni wanavyomtesa, mateso ambayo watawala wengi waliofuata baada ya uhuru walitaka yasahauliwe. Anayeilaumu aseme waziwazi: ni onyesho lipi hasa linaloficha dhiki?