Daftari la Utoro Linajua Kabla Yetu

Mwaka jana, katika likizo ya Juni, nilikwenda Mitundu kumjulia hali dada yangu. Aliyewahi kusafiri kutoka Itigi kuelekea Rungwa anaijua barabara hiyo, vumbi lake na vichaka vyake vizito. Nilikwenda pia na kazi niliyojipa mwenyewe: kumwonya mpwa wangu. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na anasoma mbali na nyumbani, akiishi na wenzake wawili katika chumba cha kupanga. Taarifa zilizonifikia zilikuwa fupi. Anatoroka shule, analala darasani, anawajibu walimu vibaya, na katika mtihani ameporomoka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 47. Miezi miwili kabla ya safari hiyo nilikuwa nimemkaripia kwa simu kwa robo saa nzima. Yeye aliitikia tu, "Ndiyo, mjomba," hadi salio langu likaisha.

Nilipofika alinipa shikamoo bila kuinua uso. Alikuwa amekonda. Mpira, uliokuwa ukimchelewesha kurudi nyumbani kila jioni, ulikuwa umelala uvunguni umeisha upepo. Dada aliniita pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, huyu si mkaidi. Ana mawazo." Mimi mwenye shahada ya uzamivu nilifundishwa siku ile, na mama aliyeishia darasa la saba, kwamba nilichokiita utovu wa nidhamu kilikuwa maradhi.

Maradhi hayo yana jina la Kiswahili: sonona. Si huzuni ya siku mbili baada ya msiba au mtihani mbaya. Ni hali inayodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ambapo mtu hukosa raha hata katika yale aliyoyapenda, usingizi na hamu ya kula hubadilika, nguvu hupungua, umakini hupotea, naye hujiona hafai. Kwa kijana kuna jambo moja la ziada ambalo wengi hatulijui: mara nyingi haonekani mwenye huzuni, bali mwenye hasira. Hukasirika upesi, hujitenga, hulalamikia kichwa na tumbo ambavyo vipimo havioni kasoro yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na sonona ni miongoni mwa yanayoongoza.

Sasa tujiulize dalili hizo huandikwa wapi kwanza. Haziandikwi zahanati. Huandikwa shuleni: katika daftari la mahudhurio, katika daftari la adhabu, katika karatasi ya matokeo. Mwanafunzi aliyekuwa hodari akaanza kukosa vipindi, akasinzia, akafoka, tayari ametoa taarifa yake kwa maandishi, tena kwa mwandiko wa mwalimu. Tatizo letu ni kwamba tunaisoma taarifa hiyo kama mashitaka. Kanuni za mwaka 2002 zinazoruhusu viboko visivyozidi 4 zinadai kila adhabu iandikwe. Hakuna mahali zinapodai iandikwe kwanza kwamba mtoto aliulizwa analalaje, anakula nini na nani amekufa kwao.

Tulimpeleka kijana kwa tabibu. Alimuuliza maswali 9, yaleyale yanayotumika duniani kote kupima sonona, na ambayo yametafsiriwa kwa Kiswahili na kuhakikiwa. La 9 huuliza kama mgonjwa amewahi kuwaza kwamba ni heri afe. Mpwa wangu alisema ndiyo. Sikuwa nimemuuliza kwa sababu niliamini, kama wengi waaminivyo, kwamba kulitaja jambo hilo ni kulipanda kichwani. Si kweli. Kuuliza kwa utulivu humfungulia mlango aliyekuwa amefungiwa humo peke yake.

Tiba nayo haikuwa kile nilichotarajia. Kwa kijana, hatua ya kwanza ni mazungumzo ya mpangilio, ya wiki kwa wiki, pamoja na kurekebisha usingizi, kurudi kwenye michezo na kupunguza kinachomlemea. Dawa zina nafasi yake, lakini chini ya mtaalamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakataza kumpa kijana amitriptilini kwa ajili ya sonona. Wala mazungumzo hayo hayahitaji daktari bingwa kutoka Mirembe kila mara. Katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwatumia wenyeji waliofunzwa kuongoza vikundi vya vijana wa miaka 14 hadi 17 kwa wiki 16. Wasichana walipata nafuu kubwa. Kwa wavulana matokeo hayakuwa ya wazi kiasi hicho, jambo linalonikumbusha ile "ndiyo, mjomba" ya kwenye simu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na halisubiri bajeti mpya. Kila mwanafunzi aliyebadilika ghafla kwa wiki mbili aulizwe kabla ya kuadhibiwa. Aulizwe na mwalimu wa ushauri nasaha aliyefunzwa maswali hayo 9 na kupunguziwa vipindi, kisha apelekwe kituo cha afya kwa barua, kama tunavyompeleka mwenye malaria. Afisa elimu na mganga mkuu wa wilaya hukutana katika vikao vilevile vya halmashauri. Hawahitaji sheria kukubaliana jambo hilo.

Sheria inahitajika kwingine. Kanuni ya Adhabu yetu inaliita jaribio la kujiua kosa la jinai. Mama anayejua hivyo atamficha mwanawe badala ya kumpeleka hospitali. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Wanaharakati wetu wanayo kazi hapo.

Mpwa wangu ameniruhusu niandike haya bila kumtaja jina. Amerudi shuleni. Nafasi ya 4 bado iko mbali, na zipo wiki anazorudi nyuma. Septemba alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Jana nimecheza mpira." Niliusoma nikiwa ofisini, na safari hii nilimpigia simu nikamuuliza, kisha nikanyamaza ili nimsikie.